Papa Bisimwa, Mwenye Kuchagua Pneu za Njia Ndefu

Sasa hivi Colombe, mutoto wangu wa miaka mbili, amemwanga kikombe cha maji juu ya karatasi yangu ya kwanza, na ameipangusa na mukono mupaka maneno yote yamekuwa wino tu. Nimemukalisha chini na kijiko na sahani, na naanza tena ku karatasi ya pili. Maman Gisèle, directrice wetu, mukubwa wa kazi, anataka maneno haya ya programu mbele ya saa tisa, juu njo saa ya sherehe.

Basi, Papa Bisimwa Nathanaël anaenda retraite, anaacha kazi, leo ijumaa, tarehe 30 Septemba 2022, nyuma ya miaka makumi mbili na ine ya kazi katika messagerie yetu ya pikipiki, hapa Bukavu. Aliingia akiwa quado, kazi yake kuziba pneu zilizotoboka, ile mipira ya magurudumu. Anatoka akiwa chef wa dépôt ya pneu. Kabuti lake la bleu ni lile lile la siku ya kwanza. Vifungo tu njo vilibadilishwa, na hakuna viwili vinavyofanana.

Kwa wageni watakaosoma programu hii, ni vizuri kueleza kazi yenyewe. Tuko na pikipiki tisa. Zinapeleka dawa, barua na vipande vya mashine Walungu, Mwenga, Kamituga, Minova na Uvira, na mara zingine mbali zaidi, siku tatu njiani. Kila safari ndefu inatoka na pneu zilizochaguliwa juu ya safari ile, na aliyekuwa anachagua ni Papa Bisimwa peke yake.

Dépôt yake iko na étagère tatu. Chini ni pneu za meno marefu, za matope. Katikati ni za meno mafupi, za njia yenye kuchanganyika. Juu ni za goudron, njia ya lami, ngumu katikati ili zimalize kilometa nyingi, laini pembeni ili zishike vizuri ku kona. Ukipeleka meno marefu ku goudron, mikono inatetemeka siku nzima, meno yanaisha mbio, na mvua ikinyesha pikipiki inateleza ku kona. Ukipeleka pneu ya goudron ku matope ya Mwenga, hiyo sina haja ya kuieleza.

Motard, mwenye kuendesha pikipiki, akikuja kuomba pneu, Papa Bisimwa haangaliake étagère kwanza. Anamuangalia motard. Anamuuliza anaenda wapi, na muzigo wa kilo ngapi, mvua ya mwisho kule ilinyesha lini, atalala wapi, atarudi na nini. Motards wanaita hiyo confession. Yannick, sentinelle wetu wa mulangoni, anasemaka kwamba Padiri anakuachilia mbio kuliko Papa Bisimwa, na kwamba Padiri hakuulizake uzito wako.

Pression, nguvu ya upepo ndani ya pneu, anaipima asubuhi, pneu ikiwa baridi, mbele motard hajawasha moteur. Mwaka mumoja motard alizunguka mutaa kidogo akingojea zamu yake. Papa Bisimwa alimuambia azime, akae, angoje pneu ipoe. Motard aliketi saa nzima juu ya bidon, na barua za Uvira zilingoja naye.

Katika miaka hiyo yote alikosea mara moja, na yeye mwenyewe ametuomba tusiifiche. Mwaka 2007 alinunua pneu ine ku soko. Meno yalikuwa marefu, rangi nyeusi ya kung'aa, juu muuzaji alizipakaa mafuta. Hakuna mutu aliyesoma namba ine za pembeni, zenye kuonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Zilikuwa 1100. Pneu zile zilizaliwa mwaka 2000 na zilikaa miaka saba mahali fulani, zinakauka. Motard wetu wa zamani, Papa Akilimali, alishuka na moja yao njia ya Minova, ikapasuka ubavu. Mufupa wa bega ulivunjika, na alingoja musaada masaa matatu. Ku réunion watu walianza kumutukana muuzaji. Papa Bisimwa alisimama na akasema: "Muuzaji aliuzisha. Mimi njo nilichagua."

Tangu siku ile, kila pneu inayoingia dépôt inasomwa mara mbili. Yeye anasoma namba kwa sauti, kama mwalimu anavyoita majina, na mutu mwingine anaisoma tena bila kuangalia karatasi yake. Sauti mbili zisipopatana, pneu inalala inje. Tangu mwaka 2007 hakuna motard wetu hata mumoja aliyeanguka kwa sababu ya pneu. Kwa miaka ine ya mwisho, sauti ya pili ilikuwa yangu, mimi mwenye kuandika cahier ya kutoka na kuingia.

Tangu mwezi wa saba tulijiuliza nani atachagua nyuma yake. Maman Gisèle alisema wazi: mutu asipopatikana, kuanzia Oktoba pikipiki zote tisa zitavaa pneu ya aina moja, ili kazi iwe rahisi. Kila motard alifikiri kupanda kwa Mwenga mu mvua. Halafu Papa Bisimwa alitaja jina, na jina lile lilikuwa langu.

Walicheka, na sikuwakasirikia. Niliishia mwaka wa pili wa secondaire, na pikipiki sijaiendesha hata siku moja. Aliyecheka sana ni Josué, motard wetu wa njia ya Kamituga. Aliuliza kama nitachagua pneu kwa kufuata rangi ya pagne yangu ya kitenge. Papa Bisimwa alingoja wamalize. Halafu alisema nipewe safari moja tu, ile mubaya kupita zote, Kamituga, kwenda na kurudi, na motard awe Josué huyo huyo. Pikipiki ikirudi vizuri, dépôt inabaki na mutu wa kuchagua. Isiporudi vizuri, aina moja kwa wote, na yeye hatasema tena kitu. Maman Gisèle alikubali. Josué pia alikubali, lakini aliomba namba ya simu ya bibi yake iandikwe ku mulango wa bureau kwa herufi kubwa.

Siku ya pili ya juma nilichagua. Nilimufanyia Josué confession, na alijibu yote akiangalia dari. Mbele nilitia meno marefu. Nyuma nilitia meno mafupi. Wote waliinama kuangalia pneu ya nyuma, juu kwa Kamituga, mvua ikianza, Papa Bisimwa anatiaka meno marefu mbele na nyuma. Nilieleza kwamba mu cahier yangu, kwa miaka ine, pneu za nyuma za Josué zinarudi zimeisha katikati tu. Anashuka goudron akikamata frein ya nyuma, ile breki, na meno marefu yanaliwa hata hajafika ku matope. Anafika ku matope na pneu isiyo na kitu.

Walimugeukia Papa Bisimwa. Alibonyeza pneu na ukucha wa kidole gumba, akasoma namba, nikasoma namba, zikapatana. Halafu alisema: "Mimi ningetia meno marefu pande zote mbili. Lakini ile cahier si mimi niliandika. Ni wewe. Funga."

Josué alitoka siku ya tatu asubuhi na makartoni ya dawa. Alipaswa kurudi jana mangaribi. Jana saa moja asubuhi alipiga simu kutoka Mwenga: dawa zimefika, anarudi, mvua ilinyesha usiku muzima na camions za muzigo zimefunga njia. Tangu saa ile simu yake haipatikane. Sasa ni saa munane kasoro kidogo. Maman Gisèle amesema sherehe itaanza na Josué ao bila Josué, lakini neno lake juu ya pneu atalitoa nyuma ya kuona pikipiki. Papa Bisimwa ameketi ku banc ya mulangoni na shati nyeupe ya sherehe. Motards wanamuuliza kama si vizuri kuchukua mbio pikipiki ya pili na kumufuata Josué. Amewajibu wangoje mupaka saa tisa, na akaomba chai.

Ninarudi ku kazi yangu ya kuandika. Papa Bisimwa anaenda kuishi Nyantende, kwa shamba la maharagi, na bibi yake Maman Nsimire. Maman Nsimire ametuambia kwamba bwana yake atapumzika mupaka siku ya pili tu. Wamenunua kinga, baiskeli ya kubebea mavuno, na Papa Bisimwa amekwisha kurudisha pneu zake mbili kwa muuzaji, juu namba hazikumupendeza.

Anaacha dépôt iliyopangwa na pompe mbili zenye kufanya kazi. Anaacha pia watu tisa wenye kurudi kwao na miguu yao. Alitufundisha bila kupiga kelele. Mimi alinipa kazi ya kusoma namba siku nilipokuja kuomba kazi ya kufagia, na hakuniuliza diplôme. Aliuliza tu kama ninaona vizuri. Kwa hiyo, katika jina la messagerie yote, Papa, tunasema aksanti. Aksanti kwa confession zote, hata zile za asubuhi yenye baridi. Aksanti kwa

Kuna moteur pa barabara. Yannick anafungua mulango mukubwa. Ni Josué. Yuko na matope mupaka ku kifua, lakini yuko juu ya pikipiki, na pikipiki inasimama vizuri. Motards wamemuzunguka na wanasema wote pamoja, sisikie kitu. Maman Gisèle ametoka. Naona kabuti ya bleu juu ya shati nyeupe: Papa Bisimwa amepiga magoti nyuma ya pikipiki, ku matope, na kidole gumba kiko ku pneu ya nyuma, katikati ya meno yenye kubaki mazima. Amekawia pale. Josué anaonyesha kwa mikono namna camion ilivyokuwa inateleza na yeye alivyopita pembeni, na hacheke.

Ninamaliza mbio, juu wananingojea. Papa Bisimwa, wewe na Maman Nsimire, tunawaombea afya, mvua ya kiasi, na usingizi wa

Ananiita yeye mwenyewe. "Maman Colombe, acha ile karatasi. Kuya uangalie pneu yako."

Papa, ninakuja, lakini kwanza niandike kwamba tunakutakia maisha