Mkono Ulionuka Salfa

Waislamu nimewasalimu, Wakristo nimewasalimu, na wale waliokuja kuchukua salfa tu nao nimewasalimu. Mwenyekiti kanipa nafasi kabla hamjaanza kugawiwa mifuko, ila kasema nisiwachoshe. Ndugu zangu, nawaambia, maneno haya nimekaa nayo miaka minne. Mkinivumilia robo saa, mikorosho haitakauka.

Mnanijua. Mimi ndiye mpulizaji wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Nusu ya mikorosho ya hapa Lionja imepitiwa na mashine yangu, na vijana wengi mnaopuliza leo nimewafundisha mimi. Amka mapema umande ungalipo, unga ushike kwenye majani. Upepo uwe mgongoni. Ukirudi nyumbani oga, kunywa maziwa. Hilo la maziwa mmelishika kuliko yote.

Majina ya watu sitataja. Mama yangu mzazi nimemwomba aje kutoka kwake Likunja, ng'ambo ya Ruangwa huko, na hajui nimemwitia nini. Mama, najua Kiswahili si lugha yako sana. Nitasema polepole.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi alipoanza kulalamika kichwa. Ulikuwa msimu kama huu. Sasa nani hapa haumwi kichwa msimu wa salfa? Macho yanawasha, kifua kinabana, kichwa kinagonga. Nikasema ni salfa, nikampa maziwa, akalala, akaamka mzima. Nikajiona daktari.

Msimu ukaisha. Tukaokota korosho, kichwa. Mvua zikaja, tukapalilia mahindi, kichwa. Mwalimu akaniita shuleni, akasema mtoto analaza kichwa kwenye dawati na kushika upande wa kulia, uleule kila siku. Mama watoto akaniambia, "Baba, tumpeleke Nachingwea akapimwe. Salfa gani mwezi wa tatu?"

Nikamjibu kwamba salfa inakaa kwenye damu. Niliyatoa wapi hayo? Sijui mpaka leo. Mtu akishazoea kuheshimiwa kwa jambo moja, anataka kila jambo liwe hilohilo. Mama watoto akachukua jembe akatoka. Angenigombeza ingekuwa heri.

Msimu wa pili ukafika. Asubuhi moja, kama saa tatu hivi, nimerudi kupuliza, nguo zangu zimejaa salfa ya njano mpaka kola, sijanawa hata mikono. Binti yangu na mama yake walikuwa uani wanapepeta ufuta. Nikamsikia anasema, "Mama, kichwa." Akaachia ungo, akaanguka. Mwili wa upande wa kushoto ukawa unarukaruka, macho yamegeuka juu.

Mama watoto akakimbia kwa jirani kutafuta bodaboda. Mimi nikakimbilia jikoni. Nikachukua kikombe cha maziwa, nikamnyanyua mtoto shingo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikammiminia mdomoni. Mtoto hajitambui, ndugu zangu. Yakatokea puani. Nikaendelea kumimina. Mama watoto aliporudi alinikuta na kikombe mkononi, kitupu.

Ndiyo. Ni mimi. Nasikia mnavyonong'ona, na mama yangu naona umeinua uso. Ngoja nimalize.

Hospitali tuliyofika walimpokea haraka. Nesi akamwekea sikio kifuani, akageuka kwetu amekasirika. "Nani kamnywesha huyu? Kifua kimejaa!" Nimesimama pale, mwanamume mzima, nanuka salfa, natazama sakafu. Mama watoto akasema, "Ni mimi, dada." Nesi akamsema sana mbele ya wagonjwa, na habari ikafika kijijini, mpaka kwa mama yangu. Mimi nikaendelea kutazama sakafu.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema, "Niliona miguu yako inatetemeka. Tungekuwa na wagonjwa wawili." Basi. Hakulirudia tena neno hilo, na mimi nikaona ni vizuri asilirudie.

Siku ileile tukapewa rufaa. Gari la wagonjwa likapita Nanganga, likashika lami, mtoto anapumulia mashine ya oksijeni. Huko Dar ndiko picha ya kichwa ilipoonyesha damu imevuja kwenye ubongo. Daktari akatuweka chini akatueleza kwamba mtoto alizaliwa na tatizo: mishipa ya damu upande wa kulia imejisokota fundo, damu inapita kwa nguvu mahali ambapo mishipa ni myembamba. Hapo nilielewa haraka, maana mpira wa mashine yangu nao hutuna kwanza kabla haujapasuka. Nikamuuliza, "Kwa hiyo salfa haihusiki?" Akanitazama. "Salfa gani, mzee?"

Damu ile ilimchukua mkono wa kushoto. Na maziwa yale yalimletea homa ya mapafu, akakaa wodini majuma matatu ambayo hayakuwa ya ubongo kabisa. Yalikuwa yangu mimi.

Fundo lenyewe lilikuwa mahali pa ndani sana, kisu hakifai. Wakasema kuna tiba ya mionzi. Wanaiita upasuaji lakini hakuna anayepasua. Miale inaelekezwa pale kwenye fundo tu, na mishipa inajifunga yenyewe polepole. Ilibidi tusafirishwe nje ya nchi. Habari ya gharama siisemi, wengi wenu mlichanga. Aliyetoa kuku nampa shukrani ileile ya aliyetoa debe la ufuta.

Nilikwenda naye mimi. Asubuhi ya tiba wakamfunga fremu ya chuma kichwani, kwa skrubu nne, ili asisogee hata kidogo. Walimchoma ganzi kwanza, lakini alilia, na mimi nililia kuliko yeye. Baadaye akaomba kioo, akajitazama. "Baba, nimekuwa redio," akasema. Tukacheka.

Tukakaa tunasubiri zamu yetu. Kisha, bila kugeuza kichwa maana hakiwezi kugeuka, akaniuliza, "Baba, yale maziwa ulininywesha wewe, siyo?"

Nikamwambia hakuwa na fahamu, atajuaje.

"Sikuona kitu. Lakini mkono ulionishika shingo ulinuka salfa. Mama hapulizi."

Ndugu zangu, nimeumwa na nge, nimeanguka kutoka juu ya mkorosho, nimemzika baba yangu. Sijawahi kuumia kama pale kwenye benchi.

Akasema, "Mbona bibi anamsema mama, na wewe unasikia?" Nikamwahidi. Nikasema, "Ukipona nitasema, mbele ya watu." Akajibu, "Haya." Wakaja kumchukua. Aliingia kwenye ile mashine peke yake, mkono mmoja mzima na mwingine umelegea, mimi nikabaki nje na ahadi yangu.

Sasa sikieni ujanja wa moyo wa mtu. Mionzi ile haifanyi kazi siku moja. Daktari alisema miaka miwili, pengine mitatu, ndipo fundo lijifunge, na muda wote huo linaweza kuvuja tena. Nilikuwa nimesema "ukipona." Basi kila nilipotaka kusema nilijiambia, bado hajapona. Nikajificha nyuma ya ugonjwa wa mwanangu miaka mitatu.

Na katika miaka hiyo mama watoto alibeba mzigo wangu. Mama, ulisema kwenye msiba kule Likunja kwamba mkweo nusura amuue mjukuu wako. Nilikuwepo, nakula. Hapa kijijini, mwaka juzi wasichana walipoingizwa unyagoni, mama watoto alikwenda na unga wake kuwapikia uji kama wanawake wenzake, akaambiwa akae pembeni, mkono wake si salama kwa watoto wa watu. Akarudi nyumbani na unga wake. Nilimwona anaumimina tena kwenye debe, taratibu, asimwage hata kidogo. Nikamuuliza mbona mapema. Akasema wapishi walikuwa wengi.

Kila aliposhika kichwa binti yangu, hata kwa usingizi tu, nyumba nzima ilisimama. Alijifunza kufua kwa mkono mmoja, na kufunga daftari kwa kiwiko. Mkono wa kushoto umerudi nusu. Madaktari wanasema nusu hiyo ndiyo mwisho wake. Kama ningemsikiliza mama yake ule mwezi wa tatu, fundo lingeonekana kabla halijavuja. Hilo hakuna mashine ya kulifunga.

Mwezi uliopita tulirudi kwa picha za kichwa. Daktari akazitazama muda mrefu. Kisha akasema fundo limejifunga, halipo tena. Mama watoto akaketi chini sakafuni palepale. Mimi nilimtazama binti yangu, na yeye alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa anacheka. Alikuwa anangoja.

Ndiyo maana leo nimeomba nafasi hii.

Nawashukuru mliochanga. Namshukuru kijana wa bodaboda aliyetubeba asidai kitu, madaktari na manesi wote, hata yule aliyekasirika, maana alikasirika kwa haki ila alimkasirikia asiye mkosaji. Na ninyi mnaobeba mifuko leo, sikieni mpulizaji wenu. Mtoto akiumwa kichwa kila mara, mpelekeni akapimwe, msimtafutie sababu shambani. Mtoto akianguka hajitambui, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni: si maji, si maziwa, si dawa. Lile somo la maziwa nililowafundisha nalifuta leo kwa mdomo uleule.

Mama yangu, maziwa nilimnywesha mimi, mwanao. Mkweo alinisitiri, nikamwacha aungue. Uliyomwambia yeye, niambie mimi.

Mama watoto, umekaa huko nyuma kama kawaida yako. Nisamehe. Usinijibu hapa, utanijibu nyumbani, hata ukinijibu vibaya. Na akina mama mliomrudisha na unga wake, mwaka huu wasichana wataingia tena unyagoni. Mnapajua nyumbani kwetu.

Sina zaidi. Binti yangu, uliyesimama pale mlangoni: nimesema.