Mwanamke wa Kofia Nyekundu Kule Mlimani

Kwanza tukate mzizi wa fitina. Imesemwa sana kwamba kila mwaka, joto likipungua na majani yakianza kugeuka rangi, marehemu alionekana kwenye njia za mlimani na baiskeli yake, pamoja na mwanamke wa suruali na kofia nyekundu. Ni kweli. Mwanamke huyo asitafutwe nyuma ya umati huu. Amekaa mstari wa mbele: ni mke wake wa ndoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa seremala na mshonaji. Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1972. Wenzake walimwita Mbayuwayu kwa sababu hakujua kutulia kitini.

Kuanzia 1973 hadi alipostaafu mwaka 2011 alikuwa fundi wa lifti katika hospitali kuu ya mji. Aliipenda kazi yake, ila alikuwa na lalamiko moja. "Kutwa napanda na kushuka bila kuona hata jani," alisema akipangusa grisi mikononi. "Nikitoka hapa nataka kupanda kitu chenye upepo!"

Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa mwalimu, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa shule ya wasichana. Mwalimu huyo hakuruhusu kelele koridoni, wala hakutaka mzazi yeyote amwone akiteremka mlima huku akipiga mayowe. Ndiyo maana alivaa suruali ya mumewe na kofia iliyofunika hadi nyusi. Walipanda kwa miguu, marehemu akisukuma baiskeli. Kushuka, yeye alitangulia kwa baiskeli, vumbi na majani ya manjano yakiruka nyuma yake, na kila kona alisimama akapiga kengele hadi mkewe atokeze mbio, hoi kwa kicheko.

Siku moja dada wa marehemu alifika nyumbani, akafunga mlango wa sebule.

"Wifi, kaa chini. Kaka yangu ana mtu."

"Yukoje huyo mtu?"

"Mnene kidogo. Na makelele yake! Kama kuku aliyekanyagwa."

Mwalimu alimmiminia chai. Jioni alipomsimulia mumewe, marehemu alicheka hadi akashika ukuta. "Mama watoto, usiniharibie! Umri huu kusingiziwa mchumba ni heshima kubwa." Mkewe akaitunza siri kwa ajili yake. Lakini maneno yamefika masikioni mwa wajukuu, na mzaha wa watu wawili hauwezi kuachwa uwe doa juu ya jeneza la mmoja wao.

Mwaka 2020 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimruhusu kutembea polepole, akamkataza baiskeli. Basi Septemba 2022 alimkabidhi mkewe usukani juu kabisa ya njia. Mwalimu hakuwahi kuendesha ila kwenye barabara tambarare. "Achia breki, mama! Achia!" Akaachia. Miti ilipita kama moto, upepo ukamvua kofia, na nyuma yake alimsikia mumewe akishangilia kama mtoto siku ya kufunga shule. Ile kofia aliiokota marehemu, akaja nayo taratibu, akiipeperusha juu kila kona.

Alifariki hospitalini tarehe 11 Novemba 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Lifti iliyompandisha wodini alipolazwa aliwahi kuitengeneza mwenyewe, na aliisifu njia nzima.

Ameacha mjane, binti mhandisi, mwana mwokaji mikate, wajukuu watano, na dada mmoja, ambaye amesamehewa. Apumzike kwa amani, mahali penye upepo.

Wengine wameuliza ni nini kilichowachekesha hivyo kule juu. Hilo halisemwi, leo wala kesho.