Levina wa Isevya na Onyo la Mtani Wake

Wasikilizaji wapendwa, wanaostahili shikamoo nawaamkia, na wengine wote hamjambo. Kama una sufuria jikoni, punguza moto, ukae. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa hapa hapa Tabora. Jina lake Levina Ngollo, fundi cherehani, mkazi wa Isevya. Tulimzika Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka arobaini na minane.

Wengi wenu hamkuwahi kumwona, ila mlimsoma. Levina ndiye mwenye tovuti ya Kirangozi. Narudia, Kirangozi. Ile iliyokuwa ikiwashauri wazazi wanaotaka kuwapeleka watoto likizo kwenye viwanja vya michezo vya Dar es Salaam, vile vyenye mabembea makubwa, mabomba ya kutelezea na mabwawa ya kuogelea. Kwa vijana wasiojua, kirangozi ni yule aliyetangulia mbele ya msafara. Babu zetu walipokwenda kwa miguu mpaka pwani na mizigo mabegani, kirangozi ndiye aliyejua maji yako wapi na hatari iko wapi. Levina alilichagua jina hilo mwenyewe, na baadaye likamwelemea.

Ilianzaje? Nimemuuliza mdogo wake, Recheli.

"Dada aliwapeleka wanawe wawili kule," ananiambia Recheli. "Wamesafiri na treni usiku na mchana, wamefika, wanakataliwa kuingia bwawani. Kisa fulana za pamba. Kule wanataka nailoni. Basi watoto wakakaa ukingoni kutwa nzima, wanawaangalia wenzao wanavyoteleza. Dada alirudi hapa na hasira, hakuna wa kumsemesha."

Lakini hasira ya fundi haiendi bure. Levina alinunua nailoni, akashona nguo za kuogelea, na kila mzazi aliyekuja kuchukua nguo alipewa na mawaidha juu yake. Recheli wakati huo alikuwa anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Akamwambia, dada, maneno haya tuyaweke kwenye mtandao, unajichosha koo. Ndivyo Kirangozi ilivyozaliwa. Levina alikanyaga cherehani huku akisema, Recheli akaandika.

Na alikuwa anasema kwelikweli. "Mpime mtoto urefu nyumbani, kwenye mlango, msije mkamliza getini." "Nendeni siku ya kazi. Jumapili foleni inamaliza hamu." "Mtoto akishiba maharage msimpandishe bembea la kuzunguka, mtafua njia nzima." Wakulima wa tumbaku wa Goweko walimsoma. Warina asali wa Ipole walimsoma. Wafugaji wa Igunga, ambao watoto wao walikuwa hawajaona maji mengi kuliko ya lambo la kunyweshea ng'ombe, nao walimsoma. Tumbaku ikishauzwa, mzazi akishatoa ahadi kwa mwanawe, kituo cha kwanza ni Kirangozi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, Levina alikuwa Isevya, na viwanja viko Dar es Salaam. Jicho lake la kule lilikuwa Majidi.

Majidi ni Mzaramo, fundi bomba, baba wa watoto wanne. Levina ni Mnyamwezi. Sina haja ya kuwaeleza wazee maana yake. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana, hukasiriki. Anachukua kuku wako, hudai. Ukifa, anakuja kukuzika, na msibani anafanya vituko mpaka wafiwa wacheke. Majidi na Levina walikutana getini siku ile ya fulana za pamba. Yeye ndiye aliyemwambia, "Nyie Wanyamwezi mmezoea mizigo, maji mnayajulia wapi?" Naye akajibiwa, "Wewe Mzaramo, ngoma ikilia bado utaiacha kazi." Urafiki ukaanza hapo.

Kila Levina alipotaka kujua habari ya kiwanja, Majidi alikwenda, akaangalia, akatuma ujumbe wa sauti. Na kila ujumbe ulikuwa utani mtupu. Mahali pakiwa pazuri alisema, "Msije, kuna chatu bwawani anapenda nyama ya Kinyamwezi." Bembea likiwa imara alisema, "Hili linaua, leteni mashuka ya kuzikia." Levina akazoea kuyageuza. Majidi akiponda, ujue panafaa. Akitaka kusema pabaya, alisema tu "hapo hapana," na Levina akaelewa. Miaka ikapita hivyo, na watoto wetu wakaenda na kurudi salama, wameungua jua na wamefurahi.

Mzaha mzaha hutunga usaha.

Mwaka 2018, mwezi wa saba, Levina alipata ujumbe kutoka Goweko. Uliandikwa na Magreth, mke wa mkulima aitwaye Ezekia. Walikuwa na binti yao, Julieth, wa darasa la tatu. Julieth alikuwa ameona kwenye Kirangozi picha ya bomba la bluu la kutelezea, akaishiwa usingizi. Baba yake alimwahidi. Ila Julieth alikuwa na siko seli, ugonjwa wa damu. Mnaijua siko seli, wasikilizaji, huku kwetu imetutesa. Daktari alikuwa ameshawaambia kwamba baridi ni adui wa huyu mtoto. Kwa hiyo Magreth aliuliza swali moja tu. Maji ya kule ni ya baridi au ya uvuguvugu?

Swali zuri. Swali la mama. Levina akalipeleka kwa Majidi.

Majidi akaenda asubuhi, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha akatuma sauti. Nimeisikia sauti hiyo, na baadhi yenu mmeisikia. Anasema hivi: "We Mnyamwezi, maji ni barafu. Mlete huyo mtoto wako tumzike huku huku pwani, nile pilau ya msiba."

Levina alikuwa kwenye cherehani, peke yake. Akacheka. Akayageuza maneno kama alivyozoea. Akamwandikia Magreth: "Nendeni tu, mama Julieth. Maji tumeyajaribu." Ujumbe huo Magreth anao kwenye simu yake mpaka leo.

Walipanda treni palepale Goweko. Julieth aliteleza kwenye bomba la bluu. Aliteleza tena na tena, anasema baba yake, na hawakuwahi kumwona akicheka vile. Jioni mifupa ikaanza kumuuma. Usiku kifua kikabana. Hospitali walihangaika naye kwa kila walichokuwa nacho, na siku ya tatu akafariki.

Nimemuuliza Majidi, kwa nini hukusema wazi? 

"Nilisema wazi," alisema. "Nilisema barafu. Nikasema atazikwa. 'Hapo hapana' ni ya kiwanja kibovu, na kile kilikuwa kizima. Sasa ningesemaje? Mimi kwa Mnyamwezi sina kinywa kingine. Nilichonacho ni hicho hicho."

Majidi alipanda treni na mwili wa mtoto mpaka Goweko, maana mtani huzika. Watu wakamngoja afanye kazi yake, adai jembe, alale kaburini, awachekeshe wafiwa. Akasimama tu na kofia mkononi, bila kusema neno. Mtoto akazikwa kimya. Wazee wa Goweko wanasema hawajawahi kuona mazishi mazito namna ile.

Levina naye alikuwapo. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, naomba tuelewane. Zaidi ya Majidi na yeye, hakuna aliyekuwa anajua. Wazazi waliamini kwamba maji yalijaribiwa na bahati ndiyo mbaya. Sauti ya Majidi aliisikia Levina peke yake. Angeweza kuifuta, akatoa rambirambi, akarudi Isevya kwenye nailoni zake, na hadi leo angekuwa mama Kirangozi, kipenzi cha watu.

Jioni ya maziko alipiga magoti mbele ya Magreth. Akasema, "Mama Julieth, niliambiwa maji ni ya baridi. Niliambiwa, nikacheka."

Magreth aliinuka, akaingia ndani. Ezekia akasema kwa upole, "Mama, nenda nyumbani kwako." Na Levina akaenda.

Aliporudi Isevya aliiweka ile sauti kwenye tovuti, mbele kabisa, na chini yake akaandika kilichotokea. Mvua ya matusi ikanyesha. Waliokuwa wakitangaza nyumba za wageni wakaondoa matangazo yao. Wateja wa cherehani wakapungua, kwa sababu nani atamvika mwanawe nguo ya kuogelea iliyoshonwa na mkono ule? Mumewe, Leodgar, akamwomba aifunge. Alimwambia, "Mke wangu, jambo hili litakuua." Recheli anakumbuka jibu la dada yake. Alisema, "Nikifunga, atakayetaka kuuliza maji atamuuliza nani?"

Hakuifunga. Alibaki na wasomaji wachache, na wachache hao akawajibu kwa ukavu. Utani baina yake na Majidi ukafa. Sauti zilizotoka Dar es Salaam zikawa fupi, kama za karani: "Maji baridi. Kivuli hakuna. Bomba la pili limefungwa." Na yeye akajibu, "Nimepokea, asante." Miaka saba, watani wawili wakaambizana asante. Kwa anayeijua mila yetu, hiyo ni adhabu.

Kila mwezi wa saba alipanda treni kwenda Goweko, akakaa kidogo kaburini kwa Julieth, akarudi. Magreth alimwona kutoka mlangoni. Hakumsalimu hata mara moja, wala hakumfukuza.

Mwaka jana Levina aligundulika ana saratani ya titi, na ilikuwa imekwenda mbali. Matibabu yakawa Dar es Salaam. Majidi ndiye aliyempokea stesheni, ndiye aliyemsindikiza hospitali, ndiye aliyempelekea uji. Siku moja, kwenye benchi wakingoja dawa, Levina alimwambia, "Majidi, nitukane kidogo."

"Nikajaribu," Majidi ananiambia. "Wallahi nilijaribu. Ulimi ukagoma. Nikamwambia, kunywa uji. Akanywa."

Alirudi Isevya kufia kwake. Wiki yake ya mwisho alimjibu mzazi mmoja wa Igunga mwenye mtoto wa pumu. Alimwandikia asiende mwaka huu, na ahadi aliyompa mtoto aivunje tu, mtoto atanuna na kununa kutaisha. Alfajiri ya Jumanne akafariki, Leodgar akiwa amemshika mkono.

Alhamisi tulikwenda makaburini. Baada ya misa watu walianza kunong'ona, mtani yuko wapi? Majidi alikuwapo. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi, kama alivyosimama Goweko. Jeneza limeshafika ukingoni, kamba zimeshikwa, na kimya kilekile kikaanza kutanda.

Ndipo watu wakapisha njia. Mwanamke mmoja alikuwa anakuja kutoka nyuma, amejifunga khanga mbili, vumbi la safari miguuni. Alikuwa Magreth. Recheli anasema alidhani amekuja kulaani maiti. Magreth alilipita jeneza bila kulitazama. Akaenda mpaka kwa Majidi.

"Mzaramo," akasema, "unasubiri nini? Mtu wako anazikwa kama hana kwao. Fanya kazi yako."

 Majidi akavaa kofia yake, akasogea, akashuka kaburini na viatu vyake. Akaketi mle ndani, akakunja mikono. Padri akatazama pembeni. Na Majidi akapaza sauti: "Levina! Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Leo umebebwa wewe, mwili mzima. Huoni aibu?"

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Leodgar. Kicheko kilimtoka pamoja na kilio, akashindwa kuvitenganisha, na makaburi yote yakafuata. Majidi alidai kuku, akadai cherehani, akadai mke Isevya. Halafu akaishiwa. Vijana walimvuta juu kwa mikono miwili, analia kama mtoto, na tukamzika Levina.

Nilimfuata Magreth kabla hajaenda stesheni. Nikamwambia, mama, umefanya jambo kubwa, umesamehe. Alinijibu, na aliniruhusu niyaseme haya hewani.

"Wote mnanipongeza kwa kusamehe. Mimi sijasamehe. Mwanangu alizikwa kimya, na kimya kile ninacho mpaka leo, ninalala nacho, ninaamka nacho. Sikutaka mtu mwingine azikwe nacho. Hata yeye."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wenzangu hapa kituoni, natoa pole kwa Leodgar na wanawe wawili, kwa Recheli, na kwa Majidi, ambaye naye amefiwa. Na pole nyingine, iliyochelewa miaka saba, naipeleka Goweko kwa Ezekia na Magreth. Raha ya milele uwape Levina na Julieth, ee Bwana.

Nanyi mliobaki, msizime redio kwanza. Fikiri kidogo. Huenda yuko mtu aliyekuonya juzi juzi, kwa kicheko, kwa tusi, kwa kinywa alichonacho, nawe ukacheka ukaendelea na shughuli zako. Simu unayo mkononi. Mpigie sasa hivi, umuulize tena.