Bega Alipoubeba Mji

Kariakoo, mbele ya duka la kufuli na bawaba la Elisaria, kuna benchi la mbao lenye misumari miwili inayochungulia, na wenyeji wake wanajua wasikae wapi. Kila ikifika saa kumi jioni Adamu hutua pale na birika lake la kahawa na sinia la kashata, na mahakama inaanza. Ukitaka kubishania mpira, nenda vijiwe vya jirani, wamejaa. Hapa inasikilizwa kesi moja tu, ya mashujaa wa majarida ya katuni, na wanaoisikiliza ni watu wazima wenye leseni za biashara na watoto shuleni.

Tangu mwezi wa tatu mashujaa watatu, kila mmoja na jarida lake, walikuwa wameunganishwa kwenye hadithi moja kubwa iitwayo Saa ya Mmezaji, ya adui anayemeza miji. Kila sehemu ina vipande vitatu: hiki unakisoma kwa huyu, kinachofuata kwa yule, kwa hiyo anayetaka hadithi nzima inambidi anunue majarida yote. Kijiwe kikaona huo ni usumbufu, kikagawana. Samir, muuza vitambaa wa duka la ng'ambo ya barabara, anayeitwa Profesa, akamchukua Radi mwenye umeme. Robert fundi simu, anayeitwa Marudio kwa sababu hakubali jambo mpaka lirudiwe mara tatu, akamchukua Kivuli asiyeonekana. Elisaria, ambaye wote humwita Bawaba, akabaki na Bega, ambaye kipaji chake ni kimoja tu: kubeba. Kila mtu anasoma la kwake nyumbani kisha anakuja kuwasimulia wenzake. Utaratibu ulikuwa na tundu moja kubwa, kwamba hakuna aliyewahi kuuona ukurasa wa mwenzake.

Leo Jumamosi toleo la mwisho lilikuwa limetoka, nalo ni la pamoja, mashujaa wote ndani ya jarida moja. Mchapishaji alishatangaza kwamba baada ya toleo hili jarida la shujaa mmoja litafungwa. Kijiwe kikaongeza sharti lake: mwenye shujaa huyo atahamia kwa mwenzake, na kuanzia hapo ni kusikiliza tu, hasimulii tena. Elisaria alikuwa ameamka na wasiwasi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Hakuwahi kuwaambia wenzake sababu. Baba yake, mzee Elibariki, alishuka kutoka Kilimanjaro akiwa kijana na kubeba mizigo katika mitaa hii hii kwa miaka kumi na tisa, ndipo likapatikana duka. Kwa Elisaria, kila walipomcheka Bega walikuwa wanamcheka mzee.

Adamu, aliyekuwa hakimu kwa sababu hana shujaa, alikalia jarida likiwa bado ndani ya nailoni.

— Hafungui mtu mpaka kila mmoja anywe kikombe cha kwanza, alisema. Haya, toeni utabiri.

— Anakufa Bega, alisema Profesa akipuliza kahawa yake. Sina haja ya kufikiri. Ukimuua Radi, mji mzima unabaki giza. Nani atakubali?

— Na Kivuli? aliuliza Adamu.

— Kivuli hafi, alidakia Marudio. Utamuuaje mtu usiyemwona? Halafu mimi naenda mbali zaidi. Kivuli alishammaliza Mmezaji sehemu ya tano. Huyu anayemeza mji sasa hivi ni Kivuli mwenyewe, kamvaa Mmezaji kwa ndani.

— Kwa hiyo shujaa wako ndiye anayetumeza?

— Anatumeza kwa mkakati. Anatuhifadhi tumboni.

— Acha kutupiga kamba, Marudio, alisema Profesa.

— Kamba? Wewe si ndiye uliyesema Radi kaua jeshi zima sehemu ya nne, mkono mmoja umeme, mkono wa pili kashika simu?

— Na nikasema alikuwa anaongea na mama yake. Tena leo niwape kubwa. Mmezaji ni baba yake Radi. Na mwezi ule mnaouona juu ni betri ya ukoo wao.

— Betri?

— Ndiyo maana unapungua na kujaa. Unachajiwa.

Adamu alikaribia kumwaga kahawa. Profesa akamgeukia Elisaria, na macho yake tayari yalikuwa yanacheka.

— Haya Bawaba, tukumbushe. Bega kafanya nini sehemu ya sita?

— Alibeba kabati.

— Ya saba?

— Alibeba mgonjwa kafunikwa shuka. Na godoro lake.

— Mwamba, alisema Marudio. Dunia inaisha, yeye anahamisha vyombo.

Wakacheka, na Elisaria naye akacheka kidogo ili isionekane kwamba imemuuma. Alikuwa amesimulia sehemu zote nane kama alivyozisoma, bila kuongeza chumvi hata punje. Mtu akibeba kabati utasema nini zaidi ya kwamba kabeba kabati?

Wakati huo dada mmoja mwenye mkoba wa kijani alikuwa amesimama mlangoni mwa duka.

— Habari zenu kaka zangu. Nilikuwa naulizia bawaba za inchi nne.

— Njema dada. Nipe dakika tano tu, nakuhudumia, alisema Elisaria, naye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anamwambia mteja asubiri.

Dada alijitambulisha kwa jina la Clotilda, akasogea kuona kilichokusanya watu wazima namna hiyo. Adamu akachana nailoni. Vichwa vitatu vikagongana juu ya jarida.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa muhtasari wa yaliyotangulia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Picha ilimwonyesha Radi akizimia sehemu ya tatu. Ya nne alikuwa amezimia. Ya tano bado. Sehemu ya saba alikuwa amelala kwenye godoro, kafunikwa shuka, juu ya bega la mtu.

— Profesa, alisema Adamu taratibu. Lile jeshi aliliua akiwa usingizini?

Profesa alikuwa anaangalia vitambaa vyake vilivyoning'inia upande wa pili wa barabara.

— Turudie hapo kwa Radi, alisema Marudio kwa furaha.

— Hatuna haja, tusonge kwa Kivuli.

Kivuli, tangu sehemu ya tano, alikuwa amejificha ndani ya kabati. Kabati lilibebwa sehemu ya sita.

Safari hii Marudio hakuomba kurudiwa. Elisaria alihisi masikio yanapata moto, lakini hatari bado ilikuwa mbele. Akafunua kurasa moja moja. Mmezaji alianza kumeza ardhi kuanzia Jangwani, akaja chini ya Kariakoo na maduka yake yote, akafika Mnazi Mmoja. Radi aliamka, akajaribu mara moja, umeme ukakata. Kivuli alitoka kabatini, akaona hali, akarudi. Zilikuwa zimebaki kurasa nne.

Ndipo Bega akainama. Hakutoa hotuba. Alichukua gunia tupu, akalikunja mara nne, akaliweka bega la kushoto, akaingiza mkono chini ya mji. Picha iliyofuata ilijaza kurasa mbili: mji mzima umekaa begani, misikiti na makanisa, maghorofa, na watu madirishani hata hawajamwaga chai. Mmezaji alifumba kinywa akakuta hamna kitu. Akajimeza mwenyewe.

Elisaria alisimama, akaingia dukani, akatoka na kitu kilichoning'inia miaka yote kwenye msumari nyuma ya meza yake, ambacho wenzake walidhani ni tambara la kufutia vumbi. Kilikuwa gunia lililokunjwa mara nne, jeusi kwa jasho la zamani.

— La baba, alisema. Begani kushoto. Miaka kumi na tisa.

Alikuwa na furaha iliyomjaa, na hakuona aibu nayo.

Profesa alilipokea lile gunia kwa mikono miwili, akalitazama, akamrudishia. Kisha akasoma tangazo la ukurasa wa mwisho, sasa sauti ikiwa imeshuka: linalofungwa ni jarida la Radi.

— Nahamia kwako, Bawaba. La mwezi ujao unatusimulia lini?

— Jioni ya siku litakayotoka. Nawe utaruhusiwa kuuliza maswali.

Clotilda alikuwa bado ameinama juu ya zile kurasa mbili.

— Samahani, naomba niulize kitu, alisema. Ardhi yote si imemezwa?

— Yote, alisema Marudio.

— Na mji wote uko begani kwake.

— Wote, dada.

— Sasa yeye kasimama wapi?

Marudio alilisogeza jarida machoni, akalipeleka mbali, akaligeuza juu chini. Chini ya miguu ya Bega palikuwa peupe, karatasi tupu.

— Tunywe kikombe kwanza, tulifikirie hilo, alisema Profesa.

Adamu akainamisha birika. Likatoa matone mawili na masimbi ya kahawa.

— Njia, wakubwa. Mzigo.

Sauti ilitoka nyuma yao. Kijana mrefu alikuwa amesimama na robota la vitambaa vya Profesa begani, shingo imelala upande mmoja. Siku zote kijiwe humjibu azungukie huko kwenye mtaro. Leo Profesa alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Wakashika benchi, watu watatu na Adamu wa nne, wakaliinua na misumari yake, wakalisogeza hadi ukutani, na yule kijana akapita katikati yao pakavu, bila kuangalia chini.

Elisaria akaingia ndani kupima bawaba za Clotilda. Kabla hajafungua kasha, alilirudisha gunia kwenye msumari wake, na jarida akalitundika juu yake, likiwa wazi kwenye zile kurasa mbili.