Msalaba Mbele ya Namba Nne

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na mmoja ya kazi, Bi Chaki atakabidhi kitambulisho chake mapokezi na kustaafu. Mhariri wa jarida la wafanyakazi ameniomba mimi, niliyekuwa mkuu wake katika chumba cha urushaji, niandike wasifu wake. Ameomba uwe mchangamfu. Nitajitahidi hadi nifike mahali ambapo siwezi.

Alianza kwenye meza ya kufungasha, enzi ambazo wateja walituagiza kwa simu na mizigo ikienda kwa pikipiki. Duka lilipohamia mtandaoni, na miaka kumi na mmoja iliyopita droni zilipoletwa, alikuwa wa kwanza kuomba kujifunza kuzirusha. Sisi tulidhani kazi ni kubonyeza kitufe. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba angani nako kuna mashimo: nyaya za umeme ambazo ramani haizijui, kunguru wasiotaka mgeni kwenye anga lao, betri inayokata roho nusu ya njia kwa kupambana na upepo. Bibi mmoja aliipokea droni yetu kwa ufagio, kisha akapiga simu kulalamika: “Huyo mdudu wenu hana adabu. Anaingia uani kwa watu bila hodi.” Bi Chaki alimwomba radhi, na tangu siku hiyo akaweka utaratibu kwamba kabla ya droni kuondoka, mteja apigiwe simu.

Simu hiyo ndiyo iliyompa sifa. Kipimo chetu cha upepo kilikuwa juu ya paa la ghala. Hakikujua kinachotokea kilomita sita mbele, katikati ya maghorofa. Basi yeye aliuliza, “Mama, hebu chungulia nguo kwenye kamba. Zinacheza au zinapigana?” Zikiwa zinacheza, droni iliondoka. Zikiwa zinapigana, alichora msalaba kwa chaki kwenye ubao, mbele ya namba ya droni hiyo, nayo hairuki. Mafundi wa kompyuta walimtania kwamba ameleta darasa la kwanza kazini, wakambandika jina hili la Bi Chaki, ambalo hata mkurugenzi hulitumia. Kwa miaka minne ya ubao ule hatukuangusha kifurushi hata kimoja.

Sasa nimefika mahali penyewe.

Miaka saba iliyopita, Jumanne, saa nane mchana, wakubwa kutoka makao makuu walikuja kutazama droni ikiruka. Namba nne ilikuwa imebeba pasi ya umeme. Bi Chaki alipiga simu, akaambiwa shuka zimejisokota kwenye kamba. Akachora msalaba, akateremka stoo kuchukua betri. Wageni walianza kutazama saa. Mmoja akaniuliza kama ndege zetu huwa zinaogopa upepo. Nilicheka naye. Walipogeukia dirisha, niliegemea ubao, nikaufuta msalaba kwa mkono wa shati, nikamwashiria mrushaji wa zamu, ambaye alikuwa ameupa ubao mgongo.

Tuliiona kwenye skrini ikifika. Tuliiona ikiinama kati ya maghorofa mawili, ikijaribu kurudi, ikiinama tena. Kamba ya kushushia mzigo ilinasa kwenye antena, ikakatika, na pasi ikaanguka kutoka ghorofa ya nne hadi kwenye bega la fundi seremala aliyekuwa akipita chini. Alipona. Ila mkono wake wa kulia haukushika randa tena.

Kwenye kikao cha uchunguzi niliulizwa ubao ulisema nini. Nikajibu kwamba mbele ya namba nne palikuwa patupu. Bi Chaki alinigeukia, akasema, “Bosi, ubao haujifuti.” Wakaandika kwamba alisahau kuchora. Akapewa barua ya onyo, akarudishwa kufungasha kwa miaka mitatu, na nafasi ya ukufunzi wa warushaji, ambayo ilikuwa iwe yake, akapewa mwingine. Marehemu mke wangu alipolifua lile shati aliniuliza chaki imetoka wapi. Naye pia nilimdanganya.

Mwaka jana hatimaye nilikwenda kwa yule seremala. Akaniambia Bi Chaki humtembelea kila mwezi. Aliwahi kumwuliza kwa nini anajisumbua ikiwa anasema kosa si lake. “Nilichoandika nakijua,” alimjibu, “lakini kaka, wewe umeumia.” Nilikaa pale saa nzima, nikanywa chai yake, nikaondoka bila kukiri. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka saba, na madaktari wananiambia haitafika mwaka wa nane.

Leo matawi yetu yote hupiga ile simu ya nguo kabla ya kurusha. Mwongozo hautaji jina lake. Barua ya onyo bado imo kwenye faili lake, na Ijumaa faili linafungwa. Nimempelekea mkurugenzi maelezo haya yakiwa na sahihi yangu na ya mashahidi wawili walioniona nikiitia, nikaomba barua hiyo iondolewe kabla ya siku hiyo. Mhariri, tafadhali usipunguze mstari.

Bi Chaki, sikuombi unisamehe mbele ya watu. Hiyo itakuwa kukufunga mdomo mara ya pili. Kwa niaba ya chumba cha urushaji nakushukuru kwa kila droni uliyoizuia. Tunakuombea afya, na asubuhi nyingi ambazo upepo utakuwa wa kukaushia nguo tu.

Ijumaa nitaletwa kwa kiti cha magurudumu. Naomba ubao nao uletwe ukumbini, na kabla hujaingia, nipewe chaki. Nitachora msalaba mbele ya namba nne, pale pale ulipouchora wewe. Mtu asiufute.