Mzee wa Kona na Kifaa cha Kuonyesha Njia

Tarehe 30 Juni, dereva wetu wa gari la wagonjwa, anayejulikana na wote kama Mzee wa Kona, anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mitatu. Magari sita yamechakaa mikononi mwake. Mwenyewe bado yu imara, ukiacha goti la kushoto, ambalo anasema liliharibiwa na klachi ya gari la tatu.

Aliajiriwa kuosha magari, akapata leseni, na tangu hapo hakuna nyumba iliyomshinda. Ndugu wa mgonjwa wakipiga simu kusema wapo nyuma ya mashine ya kusaga, kwenye geti bovu, yeye aliuliza swali moja tu: "Lile la kijani, au lile lililoegemezwa ukutani?"

Kisha uongozi ukagundua kwamba kichwa cha Mzee wa Kona si mfumo. Vikaletwa vifaa vya kuonyesha njia, vyenye sauti ya mwanamke mpole asiyekubali kukosolewa. Madereva wakambatiza Shangazi. Waraka ukafuata: kila safari ianze kwa kuandika mtaa na namba ya nyumba, na dereva asitumie kumbukumbu binafsi. Wengi wa wagonjwa wetu hawana namba za nyumba. Suala hilo liliundiwa kamati ndogo.

Mzee wa Kona alitii kiasi cha kutisha. Siku ya kumpeleka Mkurugenzi kuzindua zahanati mpya, aliandika jina la mtaa, akachagua jibu la kwanza kama mafunzo yalivyoelekeza, akafuata kila neno. Wakatua machinjioni.

"Umefika mwisho wa safari yako," Shangazi akatangaza.

Mkurugenzi akarekebisha tai. "Dereva, ndipo hapa?"

"Kwa mujibu wa waraka, bosi, ndipo."

Lakini kuna asubuhi moja ambayo hatuifanyii utani. Mvua ilikuwa imenyesha, na ndani ya gari alikuwemo mama mwenye uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Shangazi akaamuru wageuke kulia, kwenye daraja ambalo maji yalilibeba mwaka uliotangulia. Mkunga akaita kutoka nyuma: "Kaka, mapigo ya mtoto yanashuka. Fanya unalolijua!"

Mzee wa Kona akachomoa waya wa Shangazi. Akapita uwanja wa shule, akatokea nyuma ya karakana, na baada ya dakika kumi na moja walikuwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Alizaliwa msichana, kilo tatu na robo. Mkunga anasimulia kwamba alipotoka kumpa habari, alimkuta amekaa kwenye benchi, funguo zimemwanguka miguuni.

Wiki hiyohiyo alitakiwa kujieleza kwa maandishi. Aliandika mstari mmoja: "Mama alikuwa na haraka kuliko kifaa." Akapewa barua ya onyo. Kwa kuwa safari haikufungwa kwenye mfumo, kumbukumbu rasmi zinaonyesha kwamba mama yule bado yuko njiani.

Mwingine angenuna. Yeye alinifuata masjala, akaniomba nimsaidie kuandika kwenye kifaa, maana vidole vyake ni vinene kwa vitufe vile. Kwa miezi minane, kila mapumziko ya mchana, tulizunguka tukihifadhi mahali kwa majina ya wenyeji: Kwa Fundi Cherehani, Kona ya Mbwa Mkali, Daraja Limekwenda Usipite. Tumefikisha mahali mia nne na kumi na mbili, na sasa hata dereva mgeni anafika. Uongozi umefurahishwa sana na matokeo hayo, na umeiandikia barua ya pongezi ofisi ya manunuzi.

Mkewe ametuomba tusimpigie simu kumuuliza njia kwa angalau mwezi mmoja. Tumeahidi siku tatu.

Asante, kaka yetu mkubwa, kwa niaba ya kila aliyefika akiwa hai. Tunakuombea afya, wajukuu watundu, na asubuhi nyingi za kutokwenda popote.