Kisigino cha Mke wa Mwanangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Wale wa nyuma sijawasikia, lakini leo sitawagombeza. Mimi ni Mama Kiprono, yule wa boma la juu karibu na senta ya chai. Mmezoea kuniona nikisimama hapa kuimbisha. Leo siimbishi. Mchungaji ameniruhusu niseme, na nimemwomba asinikatize hata nikilia.

Mnamkumbuka Chelangat, mke wa mwanangu Kiprono? Naona wengine mmeinamisha vichwa. Basi mnamkumbuka.

Alikuja kwangu kutoka upande wa Sigor, msichana mwenye mikono mepesi. Alichuma majani chai mpaka mimi niliyekulia kwa chai nikaona aibu. Kisha akajifungua mtoto wa kike, Cherono, na haukupita muda akaanza kuchechemea. Lakini sikieni alivyochechemea! Alfajiri akitoka kitandani kwenda kukamua, anatembea kwa vidole, ameshika ukuta, uso umekunjamana. Ikifika saa tatu yuko shambani anatembea kama sisi wote. Turudi nyumbani, akae amnyonyeshe mtoto, ainuke, ai! Anachechemea upya. Mimi nikawa namtazama tu. Nikajisemea, haya ni maumivu gani yanayojua kusoma saa? Yanakuja wakati wa kukamua, ng'ombe wakishakamuliwa yanaenda, na wakati wa kuteka maji yanarudi!

Na aliniambia, ndugu zangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliniambia kwa heshima, "Mama, ni hatua za kwanza. Ni kama nakanyaga msumari. Nikitembea kidogo inapoa." Mimi nikamjibu, "Basi tembea upoe."

Siku moja pale senta, tukingoja majani yapimwe, nikamwigiza. Nilitembea kwa vidole na kikapu mgongoni, huku nikilia "uwi, uwi" kama mtoto. Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga majani yake. Chelangat alikuwa amesimama palepale kwenye foleni. Mnajua nina kipawa cha kuigiza watu, na siku hiyo shetani alikitumia vizuri.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini nikamleta hapa kanisani. Nikasema mbele yenu kwamba mke wa mwanangu ana roho ya uvivu, na nikaomba tumwombee. Alisimama hapa ninapokanyaga mimi sasa, amembeba mtoto. Tulimwekea mikono. Tuliomba muda mrefu, na kila alipojaribu kuegemea mguu mmoja nilipaza sauti kwamba pepo anatetemeka. Ndugu zangu, hapakuwa na pepo! Mtoto wa watu alikuwa anaumwa, na sisi tumemsimamisha kwa mguu mbovu. Hata hakulia. Tuliposema Amina, naye alisema Amina, akaenda kuketi.

Wiki hiyohiyo alimfunga mtoto mgongoni akarudi kwa wazazi wake. Kiprono aliniambia neno moja tu: "Mama, umemaliza." Akaenda kufanya kazi kwa mashamba makubwa ya Kericho, na tangu hapo akija nyumbani hakai hata anywe chai. Na mimi, kwa kiburi, nilikuwa nikiwaambia majirani kwamba sasa ng'ombe wangu watakamuliwa kwa wakati.

Miaka mitatu ikapita. Ikaja ile mvua ya El Nino. Majani yalikua kama wazimu, nami nikachuma kwenye mteremko siku baada ya siku, na gumbuti zangu za mpira zimeisha kabisa chini. Asubuhi moja nikashuka kitandani, nikakanyaga sakafu. Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka! Nikashika ukuta. Nikaenda zizini kwa vidole. Nilipofika kwa ng'ombe wa pili, maumivu yakaanza kupoa.

Hapo moyo wangu uliniambia ukweli, lakini sikutaka kuusikia. Nilisema ni mwiba. Nikajichokora kwa sindano nikitafuta mwiba usiokuwepo. Nikakanda kwa maji ya chumvi, nikapaka kila mafuta ya kuchua. Na nilijificha, jamani! Niliogopa kuigizwa! Hapa kanisani nilikuwa nafika wa kwanza na kutoka wa mwisho, ili msinione nikiinuka kwa benchi.

Nilipochoka nikaenda hospitali. Nikakuta kijana wa mazoezi ya viungo, mpole, umri wa Kiprono. Akabonyeza kisigino upande wa ndani, nikaruka. Akaniuliza, "Mama, zile hatua za kwanza asubuhi, ni kama unakanyaga msumari? Ukitembea kidogo inapoa? Ukikaa, ukiinuka, inarudi?"

Nilianza kulia. Yeye alidhani ameniumiza, akaomba msamaha. Masikini, hakujua alikuwa amenisomea maneno ya Chelangat moja baada ya lingine.

Akanieleza kwamba chini ya unyayo kuna mkanda mgumu unaotoka kisigino mpaka kwa vidole. Ukisimama siku nzima na kiatu kimeisha, ama mwili ukiongezeka uzito kama wa mama aliyetoka kuzaa, mkanda huo unaumia pale uliposhikana na kisigino. Ukilala unajikaza, kama kamba ya ng'ombe iliyonyeshewa ikakauka. Asubuhi ukikanyaga unavutwa ghafla, basi unalia. Ukitembea unalegea. Ndiyo maana yale maumivu yanajua saa! Si uvivu, wala si pepo.

Alinifundisha, kabla sijashuka kitandani, nivute vidole vya mguu kuja kwangu, polepole. Niegemee ukuta, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino kisiinuke. Chupa ya soda niijaze maji baridi, niiviringishe chini ya unyayo nikiwa nimekaa. Nisitembee miguu mitupu hata ndani ya nyumba, nitafute kiatu chenye kisigino laini, na nipunguze kusimama. Akasema wengi hupona bila kupasuliwa, lakini ni miezi, si siku. Ndugu zangu, yote hayo hayakunishinda mimi mzee. Yangemshinda Chelangat, kama ningemuuliza vizuri hata mara moja?

Nikaenda Sigor. Nilimkuta jikoni, amevaa raba ndani ya nyumba. Nikajua kwamba yeye alishatibiwa zamani, naye akaniambia aliyempeleka ni mama yake mzazi. Akanipa kiti, akanipa chai. Mtoto akajificha nyuma ya mlango akauliza, "Huyu ni nani?" Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi majuto nilikuwa nayo tele, na mjukuu hakunijua.

Nikamwomba Chelangat msamaha, nimepiga magoti. Aliniinua. Akasema, "Mama, mimi nilikusamehe zamani. Lakini ulinisema mbele ya kanisa, na sasa unaniomba msamaha jikoni?"

Ndiyo maana nimesimama hapa. Jibu ni hili hapa leo. Ndugu zangu, Chelangat hakuwa na roho ya uvivu. Nilimsingizia. Aliyehitaji kuombewa siku ile ni huyu aliyekuwa anaomba kwa sauti kuliko wote. Na ninyi mliomwekea mikono, mlifanya kwa neno langu, kwa hivyo na ninyi mnisamehe.

Namshukuru Mungu kwa kisigino, kimebaki kuuma kidogo tu. Namshukuru zaidi kwa kuniumiza mahali pale pale, maana kwa njia nyingine nisingesikia. Ulimi wangu bado anaushughulikia. Wewe uliye na mtu anayechechemea nyumbani kwako, usianze na pepo. Muulize. Msikilize. Mpeleke hospitali, na umwombee mkiwa njiani. Mtegemee Bwana, yeye hachoki na wakaidi, mimi ni shahidi. Kongoi, asante, Jehovah!

Sasa nimalizie. Chelangat amekuja. Yuko nje na Kiprono na mtoto, karibu na hilo dirisha. Alisema ataingia akitaka mwenyewe, na mimi simlazimishi. Ninatoka kwenda kwake. Nimesimama muda mrefu, kwa hivyo mtaniona nikichechemea. Msinishike mkono. Anayetaka kucheka, acheke.

Chelangat, mama, nakuja. Ningoje kidogo. Ni hatua za kwanza.